Atanarjuat na filamu nyingine nne za Wainuit: ipi ikufae wewe?

Kila nikimtajia mtu filamu za Wainuit, swali hurudi lilelile: nianze na ipi? Jibu langu halijabadilika kwa miaka. Anza na Atanarjuat ya mwaka 2001. Ila Atanarjuat inakaribia saa tatu, ina mauaji na ubakaji, na haina haraka hata kidogo. Si kila jioni inaibeba, wala si kila mtu unaweza kukaa naye sebuleni mkaitazama. Ndiyo maana nimeona niiweke kando ya nyingine nne, nieleze ipi inamfaa nani.

Kwanza tuelewane kuhusu watu wenyewe. Vitabu vyetu vya jiografia vilikuwa vikiwaita Waeskimo, watu wa nyumba za theluji. Wenyewe wanajiita Inuit, maana yake "watu", na mmoja wao ni Inuk. Lugha ya wale wa mashariki mwa Aktiki ya Kanada ni Kiinuktitut. Filamu nne kati ya tano nitakazozitaja zimetoka mikononi mwa watu wa Igloolik na wenzao, kijiji kilichoko kwenye kisiwa kidogo cha Nunavut, eneo la kaskazini mwa Kanada, ambako katikati ya majira ya baridi jua halichomozi kwa wiki kadhaa. Katika miaka ya 1970 kijiji hicho kilipiga kura mara mbili kuikataa televisheni, kwa sababu haikuwa na kipindi hata kimoja cha lugha yao. Waliikubali mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini filamu zao hazifanani na filamu yoyote kuhusu theluji uliyowahi kuiona.

Atanarjuat: kama una jioni nzima

Hadithi ya Atanarjuat ni ya kale, ya kupokezana kwa mdomo. Zacharias Kunuk, mwongozaji wa filamu, aliisikia kwa mama yake alipokuwa mtoto. Paul Apak Angilirq, mwandishi wa muswada, aliifuata kwa wazee. Aliwarekodi wazee wanane, kila mmoja akaitoa kama alivyoipokea, masimulizi yakatofautiana hapa na pale, na Apak na wenzake wakayasuka yakawa kisa kimoja. Apak alifariki kwa saratani mwaka 1998, kabla kazi haijakamilika. Filamu ilipotoka ikawa filamu ndefu ya kwanza kuandikwa, kuongozwa na kuigizwa yote kwa Kiinuktitut. Mwaka huohuo wa 2001 ilishinda Caméra d'Or kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, tuzo ya filamu bora miongoni mwa wanaoongoza kwa mara ya kwanza. Mwaka 2015 tamasha la filamu la Toronto liliwauliza wataalamu filamu bora za Kanada za wakati wote, na Atanarjuat ikashika nafasi ya kwanza.

Kisa kinaanza na ubaya unaoingia kambini kama moshi, taratibu, bila mtu kujua umepenya wapi. Anafika mganga mgeni. Kiongozi Kumaglak anauawa, mwanawe Sauri anashika nafasi yake, na mpinzani wake Tulimaq anageuzwa mtu wa kuchekwa, anayerudi mawindoni mikono mitupu na kutupiwa mabaki ya nyama. Miaka inapita. Tulimaq sasa ana vijana wawili, Amaqjuaq mwenye nguvu na Atanarjuat mwenye mbio. Sauri naye ana Oki na Puja. Oki alichumbiwa Atuat tangu utotoni, lakini moyo wa Atuat uko kwa Atanarjuat. Oki na Atanarjuat wanaliamua jambo hilo kwa ngumi, ila si ngumi za ulingoni tunazozijua: mmoja anasimama tuli, mwenzake anampiga panjani, kisha wanapokezana, mpaka mmoja asimame na mwingine alale.

Robo saa ya kwanza itakuchanganya. Inamchanganya kila mtu, kwa sababu majina ni mageni na nyuso zimezungukwa na manyoya. Shika hivi tu: nyumba ya Sauri ni Oki na Puja, nyumba ya Tulimaq ni Amaqjuaq na Atanarjuat, na bibi Panikpak, mjane wa Kumaglak na mama wa Sauri, anawatazama wote kwa jicho la mtu anayejua mambo yalipoharibikia. Ukiyashika hayo, yaliyobaki yatajipanga yenyewe.

Mara ya pili niliitazama na shangazi yangu. Hasomi Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa namsomea maandishi ya chini ya skrini. Mwanzoni kila dakika aliuliza huyu nani, yule nani. Kisha Atanarjuat, ambaye mkewe Atuat ana mimba, akaenda kuwinda kulungu wa kaskazini, akapitia kambi ya Sauri, na Puja akawa mke wake wa pili. Shangazi akaacha kuuliza. Akasogeza kiti mbele. "Huyu hakuja kujenga," alisema, na tangu hapo yeye ndiye alikuwa akinieleza mimi. Alijua kabla yangu kwa nini Puja hanyanyui mkono kusaidia kazi, kwa nini Atuat anameza maneno, na kwa nini hema moja linalolaza ndugu wawili na wake zao watatu haliwezi kufika mbali. Kuna tukio moja la usiku ndani ya hema hilo, watu wote wamelala bega kwa bega chini ya ngozi, lisilo na kelele yoyote, na ndilo linalowasha moto wote unaofuata. Mambo ya uke wenza hayakuhitaji tafsiri.

Jambo la pili lililomgusa lilikuwa dogo, na ningelipita kama si yeye. Panikpak, bibi mzima, anamwita Atuat "mama". Sababu ni kwamba Atuat ni somo wa marehemu mama yake. Kwa Wainuit, anayepewa jina la marehemu hupewa na heshima ya marehemu pia, na undugu unamfuata. Kwetu pia mzazi aliyempa binti jina la mama yake mzazi humwita "mama", na hawezi kumgombeza kirahisi. Shangazi, ambaye ana mjukuu mwenye jina la bibi yetu, alitikisa kichwa tu.

Kisha zile mbio. Ni majira ya kuchipua, barafu ya bahari imeanza kuyeyuka na kufanya madimbwi. Oki na wenzake wawili wanaliangusha hema juu ya ndugu waliolala na kuanza kulichoma mikuki. Amaqjuaq anafia humo. Atanarjuat anachomoka uchi, bila kiatu, na kukimbia kuelekea upeo wa macho, na wale watatu wako nyuma yake na mikuki yao. Hakuna muziki wa kukuhimiza uogope. Unasikia pumzi na maji yanayoruka chini ya nyayo. Unaona alama za damu kwenye barafu. Halafu mbele yake panatokea ufa mpana wenye maji meusi. Mwigizaji Natar Ungalaaq alikimbia kweli, uchi kweli, juu ya barafu ya kweli, na mwili wa mtazamaji unalitambua hilo hata kabla ya akili.

Nikiitazama sehemu hiyo humkumbuka Fumo Liongo, shujaa aliyezidi watu kwa nguvu na akaangushwa na wa nyumbani mwake. Na hunijia hamu ileile kila mara: kumwona mtu wa Lamu au Pate akienda na kinasa sauti kwa wazee wanane, kila mmoja atoe Liongo wake, kisha watu wa huko wenyewe, kwa lahaja yao, wamvalishe na kumfanya aimbe tena ndani ya filamu. Watu wa Igloolik hawakungoja studio. Kina mama wa kijiji walishona mavazi ya ngozi kwa mkono. Kwa michoro ya usoni na mitindo ya nguo walirejea hata kwenye maandishi na picha za mabaharia wa Uingereza waliokuja na kapteni Parry na kukaa Igloolik majira ya baridi ya 1822 na 1823, wakachukua kilichokuwa chao na kukirudisha nyumbani.

Neno moja kuhusu mwisho, bila kukuharibia. Katika masimulizi ya zamani, kisasi kinalipwa kwa damu. Watengenezaji wa filamu waliubadilisha mwisho huo, na hawakufanya hivyo kwa kuogopa damu, maana imekwisha kumwagika ya kutosha. Walitaka kuonyesha jinsi jamii ndogo, isiyo na polisi wala jela, inavyoweza kuukata mnyororo wa visasi kabla haujaimaliza. Anayebeba uamuzi mzito kuliko wote hapo si shujaa mwenye mbio. Ni Panikpak, na waliotenda ubaya ni wajukuu zake. Sijui filamu nyingi zinazompa bibi mzigo wa namna hiyo.

Watoto usiwaweke. Kuna tukio la kubakwa ambalo halionyeshwi kwa tamaa, lakini linaonyeshwa, na watazamaji wengine watataka kulijua mapema.

Maliglutit: kama una saa moja na nusu

Mwaka 2016 Kunuk alirudi na Maliglutit, akiiongoza pamoja na Natar Ungalaaq, yuleyule aliyekimbia uchi. Ina dakika 94. Tupo karibu mwaka 1913: bunduki na darubini zimekwisha kufika, lakini maisha bado ni ya mbwa, sleji na iglu. Kuanana anakwenda kuwinda. Akirudi anakuta nyumba imevamiwa, jamaa zake wameuawa, mkewe na binti yake wamebebwa. Anafunga mbwa na kuwafuata. Hicho ndicho kisa chote, na unyoofu huo ndio nguvu yake.

Kunuk alizaliwa mwaka 1957 kambini Kapuivik na akapelekwa Igloolik kusoma. Alikuwa akichonga mawe ili apate kiingilio cha sinema za John Wayne zilizoonyeshwa kijijini. Mwaka 1981 alibeba vinyago vyake hadi Montreal, akaviuza, akarudi na kamera ya video. Maliglutit ni jibu lake, baada ya miaka mingi, kwa The Searchers, filamu ya John Ford ya mwaka 1956, ambamo John Wayne anamtafuta msichana aliyetekwa na Wakomanche, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika. Tofauti ni kubwa kuliko mandhari. Kwa Ford, mtekaji ni wa kabila jingine, na chuki ya rangi ndiyo inayomsukuma anayetafuta. Kwa Kunuk hakuna Mzungu hata mmoja. Watekaji ni Wainuit waliofukuzwa kambini kwa kuvunja miiko ya kuishi pamoja. Ukiiondoa chuki ya rangi kwenye kisa hicho, kinachobaki ni mtu mchoyo na jangwa jeupe, na hapo kila mmoja wetu anaanza kumtambua mtu wa aina hiyo.

Nyingine inayonipendeza: kamera haiwaachi wanawake waliotekwa. Wanapiga mateke, wanakataa, wanachelewesha safari. Mbio za kufuatana zina pande mbili kwa kweli, za anayefuata na za wanaongoja kufuatwa. Sauti ya Tanya Tagaq, mwimbaji anayeimba kwa koo kwa mtindo wa Kiinuit, inakuja kama upepo wenye meno.

Sasa ukiniuliza ipi kali zaidi kati ya hizi mbili, nitasema Maliglutit ina mvuto wa haraka lakini ni nyembamba. Katika Atanarjuat unamjua baba wa muuaji, dada yake, na bibi yake aliyemlea, kwa hiyo hata Oki akitenda unyama unaona ulikotoka. Wabaya wa Maliglutit ni wabaya tangu wanapoingia, na hatuambiwi mengi zaidi. Kwa mtu aliyelelewa na filamu za mapigano, anayetaka kujaribu kitu kipya bila kupotea njia, Maliglutit ndiyo mlango mwepesi. Nimempa kijana mmoja wa mtaani kwetu, mpenzi wa filamu za kufukuzana, na aliimaliza bila kugusa simu. Atanarjuat ilikuwa imemshinda dakika ya ishirini. Baada ya Maliglutit alirudi kuiomba tena.

Before Tomorrow: kama ulilelewa na bibi

Hii ya mwaka 2008 haina mbio wala mikuki. Iliongozwa na Marie-Hélène Cousineau na Madeline Ivalu, wa Arnait, kikundi cha wanawake watengeneza video wa Igloolik. Madeline Ivalu ndiye Panikpak wa Atanarjuat. Humu anaigiza Ninioq, bibi wa miaka ya 1840, na mjukuu wake Maniq anaigizwa na mjukuu wake wa kweli, Paul-Dylan Ivalu. Kisa kimetokana na riwaya ya Mdenmaki Jørn Riel, ila unapotazama huoni mkono wa mgeni. Unaona bibi na mtoto wanaofahamiana.

Ninioq na Maniq wanabaki kisiwani kukausha samaki wa akiba ya majira ya baridi. Wenzao wa kambini watakuja kuwachukua. Siku zinapita, hawaji. Bibi anaamua kwenda kuwatazama, na anachokikuta kambini ni kazi ya ugonjwa ulioletwa na wageni wa meli. Kuanzia hapo filamu ni watu wawili tu, taa ya mafuta ya sili, na baridi inayosogea.

Kuna namna anavyoitengeneza taa hiyo ambayo nimeitazama na kuirudia. Ni jiwe lililochongwa kama bakuli la nusu mwezi, lina mafuta ndani, na utambi umelazwa ukingoni mstari mzima. Ninioq anausawazisha kwa kijiti, taratibu, kipande hiki juu kidogo, kile chini kidogo, mpaka mwali uwe sawa na usitoe moshi. Huku anamsimulia mtoto hadithi. Taa hiyo ndiyo jiko, ndiyo kikaushio cha nguo, ndiyo mwanga wao pekee. Mwali ukitikisika, na wewe unatikisika.

Ni filamu ya dakika 93, yenye huzuni nzito, na mwisho wake utakufuata kitandani. Kama umefiwa karibuni, iahirishe. Kama ulikaa miguuni kwa bibi ukisikia "hapo zamani za kale", hii inaweza kukushika kuliko hata Atanarjuat. Mimi imenishika hivyo, ingawa bado naiweka ya pili, kwa sababu Atanarjuat inakupa jamii nzima na Before Tomorrow inakupa jamii iliyobaki watu wawili. Huwezi kuona uzito wa kilichopotea bila kuwa umekiona kikiwa kizima.

Mwaka 1922 kwa macho mawili

Zimebaki mbili, na nazizungumzia pamoja kwa sababu zinakutana mwaka mmoja.

Nanook of the North ya Robert Flaherty ilitoka mwaka 1922. Ni filamu bubu, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa upande wa Inukjuak, kaskazini mwa Quebec, kwa fedha za kampuni ya biashara ya manyoya. Wengi wanaianza hiyo kwa sababu ni maarufu na inapatikana bure kila mahali. Mimi nakuomba usiianze. Mwigizaji mkuu hakuitwa Nanook, alikuwa Allakariallak. Wanawake wanaoonekana kama familia yake hawakuwa wake zake. Watu wale walikuwa na bunduki, lakini mwongozaji aliwataka wawinde kwa chusa kama mababu zao. Iglu la kupigia picha za ndani lilijengwa nusu, likaachwa wazi, ili mwanga uingie. Na ile sehemu maarufu ambapo anaing'ata sahani ya santuri kana kwamba hajui ni nini ilipangwa ili mtazamaji wa mbali acheke.

Hata hivyo siitupi. Mikono ya Allakariallak inayokata matofali ya theluji na kutia kipande cha barafu angavu kuwa dirisha ni mikono ya fundi wa kweli, na uso wake una uchangamfu ambao hakuna maelekezo ya mwongozaji yangeweza kuutia. Itazame baada ya Atanarjuat. Utakuwa umeshawaona watu hao wakijisimulia wenyewe, na utaweza kumtenga fundi na maigizo aliyovishwa.

The Journals of Knud Rasmussen, ya mwaka 2006, ya Kunuk na Norman Cohn, nayo inaturudisha mwaka 1922. Rasmussen, mtafiti aliyezaliwa Greenland na aliyekuwa na damu ya Kiinuit, anafika na wenzake kwenye kambi ya mganga Avva, karibu na Igloolik. Tofauti na wageni wengi, anaijua lugha, na anasikiliza. Avva anaeleza jinsi alivyozaliwa, alivyolindwa na miiko, alivyopata roho za kumsaidia. Anaongea kirefu na kamera haimkatizi. Anayemwigiza ni Pakak Innuksuk, Amaqjuaq wetu wa Atanarjuat. Lakini njaa ipo, na huko Igloolik waliokwisha kuingia Ukristo ndio wenye chakula.

Kwa wanaotaka simulizi la kukimbizana, hii itawachosha. Ina maongezi mengi, watu wengi ndani ya iglu moja, na mwendo wa pole kuliko zote tano. Ninaipendekeza kwa mtu aliyewahi kujiuliza babu zake waliacha nini siku walipobatizwa au kusilimu, na kama kuna aliyelia siku hiyo. Kuna dakika chache za mwisho ambapo Avva anaziaga roho zake, nazo zinaondoka zikilia juu ya theluji, zikigeuka nyuma. Nimeitazama filamu nzima kwa ajili ya dakika hizo zaidi ya mara moja.

Kunuk hajaacha kazi. Mwaka 2025 ametoa Uiksaringitara, inayorudi kwenye nyakati za kale na kisa cha vijana wawili waliochumbiwa tangu kuzaliwa, na Toronto wakaipa tuzo ya filamu bora ya Kanada. Hiyo nataka kuitazama tena kabla ya kuipima na hizi.

Kabla hujabonyeza

Filamu zote za Igloolik zinazungumza Kiinuktitut, na maandishi ya chini huwa ya Kiingereza au Kifaransa. Sisi tuliozoea mabanda ya video, ambako mtafsiri anaongea juu ya sauti ya filamu mwanzo hadi mwisho, tunahitaji kubadili kidogo: msomee mwenzako mstari, kisha nyamaza. Sauti ya theluji chini ya kiatu, mbwa wanaogombania nyama, mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema neno zito, hivyo ndivyo vinavyosimulia. Usitumie simu kama una namna nyingine. Kwenye skrini ndogo mtu mmoja katikati ya weupe ule anakuwa nukta, na utakosa nyuso. Isuma, kampuni ya kina Kunuk, ina tovuti yake ya video, IsumaTV, na hapo ndipo pa kuanzia kutafuta.

Ukiwa na muda wa moja tu, Atanarjuat. Ukitaka mbili, ongeza Before Tomorrow kama unatazama na watu wazima wa nyumbani, au Maliglutit kama unatazama na vijana. The Journals iache mpaka utakapojikuta unawauliza watu maswali kuhusu imani za kale za Wainuit, na Nanook iwe ya mwisho. Na Atanarjuat ikiisha usiizime: majina yanapopita, wanaonyesha wapiga picha na waigizaji kazini juu ya barafu ileile, kamera mkononi, wakiwa wamevaa makoti ya kisasa.

Shangazi alipoyaona hayo alishtuka. Alikuwa amesahau kabisa kwamba ni maigizo. Wiki iliyofuata alinipigia simu, hakuuliza habari za Atanarjuat wala Oki. Aliuliza yule bibi yuko wapi sasa, na kama ana filamu nyingine. Nikamwambia iko ya yeye na mjukuu wake wa kweli, ila inaumiza. Akanyamaza kidogo. "Ilete, mwanangu," alisema. Jumamosi hii tunaitazama.